Apugredi ya Uuguzi: Peleka Karatasi Kwanza, Pesa Baadaye

Wiki jana msichana mmoja tuliyekuwa naye zamu ya usiku aliniuliza huku anakunja shuka: "Sista, nikianza digrii sasa, nitamaliza lini?" Nami nikamuuliza, "Silabasi yako ya diploma unayo?" Akaniangalia kama niliyemuuliza jina la nyanya wa nyanya yake.

Simlaumu. Mimi pia sikuwa nayo, na kutokuwa nayo kulinigharimu nusu muhula na mkopo wa sako ambao mpaka leo nakatwa.

Kwanza tuelewane tunazungumzia nini, maana kwenye simu matangazo ni mengi na yanachanganya. Kwetu Kenya, mtu akitoka sekondari moja kwa moja hadi digrii ya uuguzi husoma miaka minne, kisha mwaka mmoja wa intaneshipu. Sisi wa KRCHN, yaani wauguzi wa afya ya jamii waliosajiliwa, tumesoma diploma miaka mitatu. Tukitaka digrii haturudishwi mwanzo kabisa; tunaingia kozi ya kupanda, ile tunayoiita apugredi, ambapo masomo ya diploma yanahesabiwa na muda unapungua. Hiyo ndiyo njia yetu ya mkato.

Ile ya Marekani unayoiona ikitangazwa ya miezi 11 hadi 18 ni habari nyingine. Ni ya mtu ambaye tayari ana digrii ya jambo lingine. Binamu yangu aliyeko huko alikuwa na digrii ya biolojia, akaingia, akabanwa usiku na mchana, kisha akafanya mtihani wa NCLEX-RN ndipo akapata leseni. Lakini kabla ya kuingia ilibidi matokeo yake ya chuo cha huku yakapimwe upya, na masomo kama anatomia, fiziolojia, mikrobiolojia na takwimu yaonekane wazi kwenye karatasi. Wewe mwenye diploma ya uuguzi ukiomba ile kozi yake utakuwa umebisha mlango usio wako. Na anayekuambia utapata digrii ya uuguzi yote kwenye simu, bila kuingia wodini, mkimbie.

Mimi wazo lilinijia kwenye mgomo wa 2017. Wauguzi tulikaa nje tangu Juni hadi Novemba. Nilikuwa nimeketi barazani kwa mama, Likoni, sina mshahara, nikahesabu miaka niliyofanya kazi leba na daraja la mshahara nililokwama. Kazi iliporudi nikaanza kuweka akiba, na baadaye nikajiunga na chuo cha kwanza kilichonipokea. Sitakitaja jina. Waliniambia kwa mdomo, "Miaka miwili tu, sista, umemaliza." Nikalipa.

Wiki ya tano nikaitwa ofisini. Transkripti yangu ilikuwa na majina ya masomo na alama, basi. Hakuna saa za kila somo, hakuna kilichofundishwa ndani. Wakasema masomo manne hayawezi kuhesabiwa, niyarudie. Mojawapo lilikuwa la ukunga. Mimi, niliyekuwa nimepokea watoto ambao wengine sasa wanaenda shule! Nilimwambia yule bwana, "Lakini hii kazi naifanya kila siku." Akajibu kwa upole tu kwamba mfumo hauna mahali pa kuandika hilo.

Nilirudi wodini nikiwa nimevimba kwa hasira, nikamweleza inchaji wetu, yaani msimamizi wa wodi, mama wa makamo ambaye uuguzi ameanza kabla sijazaliwa. Akanisikiliza huku anajaza kitabu cha ripoti. Kisha akasema, "Barua nitakuandikia. Lakini hiyo mikono yako, mwanangu, nitaipigaje muhuri?"

Basi nikaenda kutafuta muhuri. Nilirudi nilikosomea diploma nikaomba maelezo kamili ya kila somo: mada, saa za darasani, saa za wodini. Ilichukua siku kadhaa za kuulizia na kusubiri, lakini nilipata. Nikatafuta daftari langu la zamani la kliniki, lile la kutiwa saini kila unapofanya kazi fulani; lilikuwa kabatini kwa mama chini ya leso, kona moja imeliwa na panya lakini saini zote zipo. Nikaongeza cheti cha usajili, leseni ya Baraza la Wauguzi ikiwa hai, vyeti vya mafunzo kazini vya kila mwaka, na barua ya inchaji yenye tarehe niliyoanza na wodi nilizopitia. Nikatia vyote kwenye faili moja ya kijani.

Safari hii sikulipa chochote kwanza. Nilichagua chuo ambacho Baraza limekiidhinisha kufundisha digrii hiyo (waulize Baraza wenyewe, usimuulize ajenti), nikapeleka nakala za faili, nikaomba kitu kimoja: barua inayotaja somo kwa somo lipi limekubaliwa, lipi nitarudia, na nitaingia muhula gani. Karani alistaajabu kidogo. Akaniambia wengi huuliza karo kwanza. Barua ilipokuja, lile la ukunga lilikuwa limekubaliwa. Nilibakiwa na moja tu la kurudia, na hata muhula niliosoma kule chuo cha kwanza walinihesabia nusu yake. Nusu nyingine ilipotea, na ile karo haikurudi.

Kwa hiyo ukiniuliza uanzie wapi, nakwambia faili. Karo, malazi, rangi ya sare, hayo baadaye. Kozi ya haraka inafupishwa kwa yale unayoweza kuyaonyesha kwenye karatasi. Miaka yako ya wodini itakusaidia sana ukiwa ndani, lakini mlangoni haikufungulii.

Na ukiwa ndani jiandae kushangaa. Drip ya lita moja kwa saa nane, seti ya matone 20 kwa mililita, ni matone 42 kwa dakika; hiyo nahesabu nikitembea koridoni. Lakini darasa la takwimu mwalimu alinionyesha jedwali la matokeo ya dawa fulani akaniuliza hii thamani ya p, 0.03, ina maana gani. Nikajibu kwa kujiamini kabisa: asilimia tatu ya wagonjwa. Kimya. Kaka mmoja kutoka Lamu akaja kunieleza wakati wa chai. "Chukulia dawa haifanyi lolote," akasema. "Matokeo kama haya au makubwa zaidi yangetokea kwa bahati tu, mara tatu katika mia. Ndiyo hiyo." Nimelipa karo nyingi kwa vitabu, lakini hiyo chai ya shilingi thelathini ndiyo iliyonivusha.

Nadharia za uuguzi nazo nilizidharau mwanzoni. Kila siku namfundisha mama aliyepasuliwa kujigeuza kitandani, kuoga, kumweka mtoto titini mwenyewe. Kumbe Dorothea Orem, muuguzi wa Marekani, ameyaandika hayo akayaita kujitunza, na mtihani unataka umtaje yeye pamoja na ulichofanya. Niliposhika hilo nikaacha kukariri: nilikuwa nachukua mgonjwa niliyemhudumia kweli, bila jina lake, nawaza huyu Orem angemwelezaje, nyumbani naandika.

Kitakachokumaliza zaidi ya masomo ni zamu. Nilikuwa nafanya kazi kisiwani Mombasa na kuishi Likoni, ng'ambo ya feri. Asubuhi saa kumi na moja niko kwenye foleni ya feri, sikioni mhadhara niliourekodi, nasikiliza mpaka injini inaponguruma na sauti ya mwalimu kuzama. Jioni bando limeisha au stima imepotea. Mwezi wa kwanza nilijaribu kuficha wodini kwamba nasoma, nikaona watu wakinipangia usiku mfululizo. Usifanye hivyo. Mwambie inchaji mapema, mpelekee ratiba ya mitihani muhula unapoanza, na ukubali kubeba Jumapili na sikukuu za wenzako ili nao wakubebee wiki ya mtihani. Mimi Pasaka na Krismasi nilizifanya zote. Idi nikaachiwa, na mama akanipikia pilau nikala nikiwa na kitabu.

Kama umeajiriwa na kaunti, ruhusa ya masomo iombe kwa maandishi kupitia mkubwa wako kabla hujaanza, na usome vizuri unachotia saini, kwa sababu unaweza kufungwa kufanya kazi miaka kadhaa ukimaliza. Si vibaya, mradi ujue.

Jambo dogo ambalo hakuna aliyeniambia: daftari la kliniki la digrii litiwe saini siku ile ile. Ndiyo, utarudi wodini kama mwanafunzi, hata kama wodi hiyo unaijua kuliko nyumbani kwako. Mimi niliacha saini mbili nikisema nitazichukua Ijumaa. Ijumaa sista aliyenisimamia amehamishiwa hospitali ya Port Reitz. Siku ya mapumziko nikapanda matatu, nikakwama Changamwe kati ya malori ya bandarini, nikamkuta anaingia chumba cha upasuaji. Nilimsubiri saa tatu nje kwenye benchi. Alipotoka akacheka, akaomba kalamu yangu, akasaini akiwa amesimama.

Na pesa? Nililipa kwa sako na chama, kidogo kidogo, na mume wangu akabeba karo ya mtoto miaka yote hiyo. Msikae mkaambiana mtajua mbele ya safari. Sisi tuliandika kwenye karatasi moja nani analipa nini, ikabandikwa nyuma ya mlango wa jikoni, na hata hivyo tulikosana mara mbili.

Juzi inchaji wetu alinisimamisha mlangoni mwa wodi. Amebakisha miaka michache kustaafu. Akatazama huku na huku kama anayeficha kitu, kisha akaniuliza ile faili ya kijani bado ninayo, na kama naweza kumwazima aone nilivyoipanga.