Kampuni ikipunguza wafanyakazi Lubumbashi

Ndugu yangu, nimekuelewa: miaka sita unachomelea kwenye kampuni inayohudumia migodi, sasa wanapunguza watu, na asubuhi huna hata nguvu ya kuamka. Mimi yalinikuta 2025, serikali ya Kongo iliposimamisha uuzaji wa madini ya kobalti nje.

Usisaini karatasi ya kumaliza hesabu kabla ya kuisoma. Kama mkataba wako hauna muda maalum, sheria ya kazi ya 2002 inakupa preavi, yaani notisi kabla ya kuachishwa, ya siku 14 za kazi, na 7 zaidi kwa kila mwaka mzima: kwako 56. Wakikataa, muone inspekta wa kazi.

Mimi niliendelea kuamka alfajiri, nikachomelea mageti ya majirani Katuba. Pesa kidogo, lakini mkono haukusahau kazi. Usingizi ukikupotea wiki kadhaa, nenda kwa daktari.