Saa 2 asubuhi ya Kariakoo si 02:00

Wadogo zangu mnaoanza kutengeneza tovuti hapa Dar, kosa langu la kwanza kwenye data za kusomwa na mashine, yaani maelezo ya duka yanayowekwa ndani ya msimbo wa ukurasa ili Google iyaelewe, lilikuwa la saa. Mwenye duka la vitenge Kariakoo aliniambia wanafungua saa 2 asubuhi na kufunga saa 12 jioni. Kwenye data hizo nikaandika 02:00 na 12:00. Ukurasa ulisomeka vizuri kwa Kiswahili, lakini Google iliambiwa duka linafunguliwa usiku wa manane na kufungwa adhuhuri. Sahihi ni 08:00 na 18:00. Programu ya kukagua haikunionya, maana muundo haukuwa na kasoro. Kilichokosewa ni maana, na maana unaijua wewe uliyezungumza na mwenye duka.

Injini ya utafutaji ikikuta 45,000 kwenye ukurasa, inabidi ikisie kama ni bei au idadi ya mzigo. Msamiati wa Schema.org, ulioanzishwa 2011 na Google, Bing na Yahoo, unakupa majina ya kuiambia waziwazi: hii bidhaa, hii bei yake, hii sarafu. Tumieni JSON-LD, namna ya kuandika data hizo kama orodha ya majina na thamani zake. Inakaa kwenye skripti yake peke yake, haigusi mwonekano wa ukurasa. Bei iandikwe 45000 bila mkato, sarafu TZS, kifupi cha kimataifa cha shilingi ya Tanzania; "Tsh" na "/=" viacheni kwenye maandishi ya mteja.

Data hizi hubeba pia mahali duka lilipo kwenye ramani, kwa namba. Latitudo ya Dar ni kama -6.8. Ukisahau hiyo alama ya kutoa, umelihamishia duka Ethiopia.

Kuna wateja watakaowaomba muwawekee nyota tano. Kataeni kwa heshima. Tangu 2019 Google haionyeshi nyota ambazo biashara imejipa kwenye tovuti yake, na data inayodai kitu ambacho hakipo ukurasani inaweza kuuondolea ukurasa mwonekano wa pekee kwenye matokeo ya utafutaji, kama vile nyota au bei chini ya kiungo. Wala msimwahidi mtu kwamba atapanda nafasi ya kwanza. Hiyo si kazi ya data hizi.

Siku hizi kabla ya kupandisha tovuti hewani nampigia mwenye duka, namsomea kila mstari kwa Kiswahili. Mmoja alinikatiza: "Mwanangu, Ijumaa tunafunga kwa swala, saa 6 na nusu mpaka saa 8." Nikaigawa Ijumaa vipande viwili: 08:00 hadi 12:30, kisha 14:00 hadi 18:00.