Mtoto Mpe Nyama, Supu Mwachie Babake

SWALI: Mwanangu ana miezi 11. Kliniki wamempima damu wakakuta imepungua, 9.2. Mavyaa anataka nimpe supu ya kuku wa kienyeji, jirani asema supu ya ng'ombe ndiyo yenye nguvu. Dawa ya chuma waliyompa nimeisimamisha, imemfanya choo cheusi. Nimsikilize nani?
Mama wa mtoto mmoja, Shella, Malindi

JIBU: Usimsikilize hata mmoja, mama. Haipiti wiki sijaambiwa "namnywesha supu kila siku", nami nikiuliza nyama yenyewe imekwenda wapi, naambiwa kaila baba. Basi anayeongezwa damu ni baba! Ichemshe kutwa ukitaka. Chuma na protini, karibu yote hubaki kwenye nyama. Kwenye maji unapata chumvi, mafuta na harufu nzuri. Mtoto anajaa tumbo lile dogo, halafu chakula hakitaki.

Kwa upande wa damu, ng'ombe anamshinda kuku. Gramu 100 za nyama ya ng'ombe iliyopikwa zina chuma kama miligramu 2.5, za kuku 1 na kidogo, awe kienyeji au broila. Ila ini la kuku, hilo mnalomrushia paka, hupita 9. Kijiko kimoja mara moja kwa wiki kinamtosha, usizidishe, kwani lina vitamini A nyingi, nayo ikizidi humdhuru. Siku nyingine mpe kima, au nyama ya shingo ichemke mpaka ilegee, uitwange kinuni, uivuruge na viazi, ukamulie ndimu. Chai usimpe kabisa, inazuia chuma.

Dawa irudishe leo. Choo cheusi ni chuma ambacho mwili haukukichukua, kinatoka tu, na kwa 9.2 chakula peke yake hakitoshi. Mrudishe kliniki apimwe tena.

Wanaonikera hasa ni wauza chupa za "kuongeza damu" sokoni. Bitiruti ni nyekundu, eti basi inageuka damu! Huku pwani damu hupunguzwa pia na malaria, minyoo na selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi, na hakuna chupa inayojua ni kipi kati ya hivyo. Niliwahi kuletewa mtoto aliyekwisha kunyweshwa chupa tatu, kumpima ni selimundu. Ya nne mamake alikuwa nayo mkobani.