Alidhani amesahau kusoma

Mhariri, swali lenu la wiki limeuliza: "Mtu aliyevuka miaka 60 anahitaji darasa la nini? Si aachwe apumzike?" Naomba nafasi nijibu kwa kirefu, kwa sababu darasa la namna hiyo ninalo nyumbani kwangu, barazani, kila Jumatatu na Alhamisi baada ya swala ya alasiri.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi. Ninaishi Mikindani, mwendo wa daladala tu kutoka Mtwara mjini. Barazani kwangu siku nyingi tunakuwa kumi na wanne, siku ya mvua saba au wanane. Mdogo wetu ana miaka 58. Mkubwa wetu hajui mwaka wake wa kuzaliwa, ila anakumbuka kwamba alikuwa mwali ndani wakati bendera ya uhuru inapandishwa, mwaka 1961, na akina mama waliotoka kuitazama ndio waliorudi wakamsimulia. Tuna mkeka mkubwa, mabenchi mawili, ubao niliopewa shule ilipobadilisha ubao wake, na birika la kahawa. Kila mtu anatoa shilingi mia tano kwa wiki kwa ajili ya kahawa na kashata. Hatuna usajili, hatuna mtihani, hatuna cheti.

Nianze na mzee mmoja, mkulima wa korosho mwenye shamba upande wa Naliendele. Alikuja wiki tatu mfululizo akawa anakaa ukingoni mwa baraza, miguu nje. Kila nikimsogezea daftari ananiambia, "Mwalimu, mimi kusoma nilikuwa najua, lakini nimesahau. Uzee huu." Nilimwamini. Nikawaza nimwanzie irabu upya, lakini nikaona haya kumwandikia a, e, i, o, u mtu aliyenizidi umri.

Siku moja alikuja na vitu vyake kwenye mfuko mtupu wa salfa, ile dawa tunayopulizia mikorosho dhidi ya ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu. Nikamwambia, "Kaka yangu, hebu vaa miwani yangu kidogo, unisomee hapa." Akavaa. Akausogeza mfuko, akaurudisha nyuma, akausogeza tena. Kidole chake kikashika mstari. Akasoma polepole: "Weka... mbali... na watoto." Akanyamaza. Akarudia mara ya pili bila kukatakata. Kisha akavua miwani, akaigeuza mikononi, akasema kwa sauti ya chini, "Kumbe ni macho."

Miaka kumi na minane, kwa hesabu yake mwenyewe, alikuwa akiweka dole gumba. Korosho zake akizipeleka chama cha msingi, anampa mjukuu stakabadhi amsomee kilo. Kitabu cha benki anakishika mwanawe. Na muda wote huo alikuwa anajua kusoma. Hakuna aliyemwambia kwamba kuanzia kwenye miaka ya arobaini lenzi ya jicho hukakamaa, maandishi ya karibu yanafifia, na kwamba hilo humpata karibu kila binadamu. Miwani ya kusomea inauzwa sokoni. Alinunua yake wiki ile ile, akaifunga kamba shingoni.

Ndiyo maana neno "aachwe apumzike" linanichoma. Mzee yule alikuwa ameachwa, tena kwa upendo. Watoto wake wanamlisha, wanamvisha, wanamheshimu. Lakini aliachwa mpaka akaamini akili yake imekufa, na waliomzunguka wakaamini naye. Mwaka 2024 jopo la wataalamu lililoitishwa na jarida la tiba la Lancet lilitaja mambo 14 yanayochangia ugonjwa wa kusahau wa uzeeni, likasema karibu nusu ya wagonjwa wangeweza kuepushwa au kucheleweshewa kama mambo hayo yangeshughulikiwa katika maisha yote. Presha na kisukari yamo. Lakini humo humo kuna kutosikia vizuri, kuna macho yasiyotibiwa, kuna elimu ndogo, na kuna kujitenga na watu. Mambo manne ya mwisho hayo mnaweza kuyaona kwa mtu mmoja aliyekaa peke yake nyuma ya nyumba, anachambua choroko.

Hapa kwetu jambo hili si geni. Mama yangu alijifunza kuandika jina lake chini ya mwembe huko Newala, kwenye kisomo, yaani darasa la watu wazima la kusoma na kuandika. Mwalimu Nyerere alikuwa ameutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na hoja yake ilikuwa wazi: watoto watachukua miaka mingi kabla elimu yao haijaifaa nchi, kwa hiyo tusiwasubiri, tuwasomeshe wazazi sasa. Wakati wa sensa ya 1967 karibu theluthi mbili ya watu wazima nchini walikuwa hawajui kusoma. Kufikia 1986 waliobaki walikuwa kama mmoja kati ya kumi. Mwaka 1973 ikaja kampeni ya Mtu ni Afya, watu wamekaa vikundi vikundi wanaizunguka redio kwa wiki kumi na mbili, wanasikiliza habari za malaria, safura na kichocho, halafu wanainuka kwenda kuchimba vyoo. Waliojiunga walikaribia milioni mbili. Mama alikuwa mmojawao. Kile choo tulikitumia mpaka nimeolewa.

Mwaka huo huo wa 1973, mjini Toulouse nchini Ufaransa, profesa mmoja aitwaye Pierre Vellas alianzisha chuo cha wazee waliostaafu. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Waingereza wakalichukua wazo lile pale Cambridge, wakaligeuza: walimu wa kuajiriwa wakaondolewa, wanachama wakawa wanafundishana wenyewe, anayejua historia anafundisha historia, anayejua bustani anafundisha bustani, na mtihani hakuna. Ninalitaja hili kwa sababu nilipolisoma nililitambua. Ni baraza. Ni mambo ya ukumbini kwa mzee, mahali ambapo kila aliyekaa ana lake la kusema.

Na hapo ndipo lilipo jibu langu. Kisomo kilikuwa na neema kubwa, lakini kilimhesabu mtu mzima kama chombo kitupu. Akishajazwa, akishafaulu ngazi yake, basi, imekwisha. Hakuulizwa yeye analeta nini. Kwa hiyo mama yangu alipojua kusoma, mwembe ule ulirudi kuwa mwembe. Mimi naona mzee hatadumu kwenye darasa lolote asiloweza kufundisha naye siku moja. Anakuja mara ya kwanza kwa sababu ya somo. Mara ya kumi anakuja kwa sababu wenzake wanamtegemea.

Hili sikulijua tangu mwanzo. Mwaka wa kwanza nilifundisha mimi peke yangu, na waliokuja walikuwa wanawake watupu. Wanaume walipita wakaamkia, wakaenda zao kucheza bao chini ya mkungu. Nikamwendea mmoja wao nikamwomba walilete lile bao barazani kwangu. Akaniuliza, "Tutafanya nini huko, mwalimu?" Nikamwambia, "Mtacheza, na akina mama wanaotaka mtawafundisha." Walikuja. Bao lina mashimo 32 na kete 64, na mchezaji mzuri anahesabu kichwani mkono utakapoishia kabla hajagusa kete. Bibi mmoja ambaye nilihangaika naye miezi miwili kwenye kujumlisha alikuwa anataja, bila kukosea, kete yake ya mwisho itaangukia shimo lipi. Tangu siku hiyo hesabu tunaifundishia kwenye bao.

Somo lililonifurahisha kuliko yote lilitolewa na mvuvi wa miaka 70 na kitu. Nilimpa chaki. Hakuwa ameshika chaki maisha yake yote, akaishika kama anavyoshika sindano ya kushonea nyavu. Akachora mwezi mwandamo, mwezi mpevu, na nusu mbili za katikati, akatueleza kwa nini mwezi ukiwa mwandamo au mpevu maji huwa bamvua, yanajaa sana na kukupwa sana, na kwa nini ukiwa nusu yanakuwa maji mafu. Bibi anayeokota pweza miambani akamkatisha: "Siku yenyewe ya mpevu bado, kaka. Ngoja siku ya pili, ya tatu, ndipo mwamba unapotoka wote." Mvuvi akaweka chaki chini, akafikiri, akasema, "Kweli, dada." Akarekebisha mchoro wake. Wajukuu waliokuja kuwachukua bibi zao walikaa wakasikiliza, na mmoja yuko sekondari, akasema hiyo ndiyo jiografia wanayokaririshwa. Magharibi ilitukuta bado tunabishana juu ya pepo za kusi na kaskazi.

Tunajifunza na mambo ya kujilinda. Stakabadhi ghalani, yaani mfumo wa kuuza korosho kwa mnada kupitia ghala, ilipoanza huku kwetu mwaka 2007, mkulima alihama kwenye fedha ya mkononi akaingia kwenye karatasi: kilo zako, bei ya mnada, makato, kisha fedha inaingia benki. Asiyesoma anabaki kuitikia tu. Kwa hiyo tunakaa na stakabadhi za zamani, tunazidisha, tunatoa makato moja moja. Kilo 186 kwa bei ya mfano ya shilingi 2,000 ni 372,000 kabla ya makato. Simu nayo ina somo lake. Kila aliyepokea ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii" anakuja nao, tunausoma kwa sauti, tunaulizana: hela ipi? Nani huyu? Wawili kati yetu walikwisha kuibiwa, na walikuwa hawajawaambia watoto wao kwa aibu. Barazani walisema. Sasa hakuna anayemtajia mjukuu namba yake ya siri. Mjukuu anaombwa amwoneshe bibi njia, na bibi anabonyeza mwenyewe.

Nimeona pia darasa la wazee linavyokufa. Zamani kidogo shirika moja lilikuja mtaani na semina ya wazee: fulana, chakula, posho ya elfu kumi kwa siku, picha nyingi. Watu walijaa. Mfadhili alipoondoka, kikundi kilikutana mara mbili tu. Lilinisikitisha zaidi jambo moja: wale wazee waliofundishwa siku tano hawakuulizwa swali hata moja, zaidi ya jina na umri. Sisemi posho ni mbaya, wazee wetu wengi wana shida ya kweli. Lakini aliyekuja kwa posho tu hana sababu ya kuja Alhamisi.

Kwa msomaji anayetaka kuanza kwake, nitasema machache niliyoyaona. Wakalishe duara, si mistari, maana asiyesikia vizuri anasoma midomo, naye hatakwambia kwamba hasikii, ataacha kuja tu. Herufi ziwe kubwa kama kiganja. Kaeni mwanga ukiwa bado mkali. Asipokuja mtu mara mbili, aendewe nyumbani. Mtafuteni afisa maendeleo ya jamii wa kata, na mwulizeni afisa elimu ya watu wazima wa halmashauri yenu kuhusu vitabu. Mkoani kwetu kuna vyuo vya maendeleo ya wananchi pia, kikiwemo cha Mtawanya na cha Newala. Vyuo vya namna hii viliasisiwa mwaka 1975 kwa ajili ya watu wazima, ingawa sasa wanaojaa humo ni vijana. Ningetamani siku moja waweke hata jioni moja ya wazee. Sera ya Taifa ya Wazee tunayo tangu 2003, na inamtambua mzee kuwa hazina. Hazina hufunguliwa ikatumika.

Na kuhusu kupumzika: yule bibi mkubwa wetu, aliyekuwa mwali mwaka wa uhuru, ndiye anayelala usingizi kwenye mkeka robo tatu ya kipindi. Hakuna anayemwamsha. Akiamka anauliza tumefika wapi, tunamwambia.

Msimu wa kuokota korosho ukianza tutafunga, kwa sababu hata wenye miaka 75 wanahamia mashambani, na hakuna darasa linaloweza kushindana na korosho zilizoanguka. Tutafungua tena Januari. Daftari zinabaki kwangu kwenye kasha, kumi na nne, kila moja ina jina juu, limeandikwa na mwenyewe. La mzee wa Naliendele ameliandika mara mbili, kwa kalamu ya bluu na kisha juu yake kwa nyekundu, ili lionekane kwa mbali.

Mwalimu mstaafu,
Mikindani, Mtwara