Breki za Ndotoni: Barua kwa Mwanangu

Mwanangu mpenzi,

Barua yako niliisoma usiku, nikairudia asubuhi. Unaniambia hii ni wiki ya sita unaota magari. Mara uko mteremkoni na breki hazishiki, mara gari linakwenda lenyewe nawe umekaa kiti cha nyuma, unanyoosha mikono kuufikia usukani na huufikii. Unashtuka jasho likikutiririka, mguu wa kulia umekaza. Mwishoni ukauliza lile lililokukaa rohoni: je, baba, hili ni onyo? Niache kuendesha?

Si onyo, mwanangu. Nakujibu hilo kwanza ili yaliyobaki uyasome ukiwa umetulia. Gari mpelekee fundi akague breki kwa sababu breki hukaguliwa, si kwa sababu umeota. Lakini kuna jambo jingine limenitia hofu kuliko ndoto zenyewe, nawe umelitaja kwa kupita tu: kwamba ukishtuka saa tisa usiku hulali tena, na kukipambazuka unashika usukani kwenda kazini. Hilo nitalirudia.

Nimeendesha malori miaka 27. Usingizini breki zimenikatikia mara nisizoweza kuhesabu, na kila mara asubuhi yake niliwasha gari, nikaenda, nikafika. Barabarani zilinikatikia mara moja tu, na usiku wa kuamkia siku hiyo sikuota chochote. Mtu huikumbuka ile ndoto moja iliyofanana na tukio, zile mia zilizopita bure huzisahau kabla hajanawa uso. Ndivyo ndoto inavyopata sifa ya utabiri isiyostahili.

Tangu nilipostaafu nimesoma sana habari za usingizi, maana na mimi nilikuwa na maswali yangu. Mwaka 1953, katika Chuo Kikuu cha Chicago, mwanafunzi Eugene Aserinsky na mwalimu wake Nathaniel Kleitman walieleza kwamba usiku una vipindi ambapo macho ya aliyelala hukimbia huku na huko chini ya kope. Walioamshwa katika vipindi hivyo, wengi wao walikuwa na ndoto ya kusimulia. Vipindi hivyo hurudi takriban kila baada ya dakika 90, na kadiri asubuhi inavyokaribia ndivyo vinavyorefuka. Kwa hiyo usishangae kwamba ndoto zako kali hazikupati mara tu unapolala, bali usiku ukishakuwa mkubwa.

Katika kipindi hicho mwili hufungwa. Shina la ubongo huzuia amri zisiifikie misuli, isipokuwa michache kama ya macho na ya kupumulia, ili mtu asiinuke na kutenda anayoyaota. Sasa mfikirie dereva aliye katika hali hiyo. Ukiwa macho, breki ni kitu unachokihisi mwili mzima: pedali inakataa chini ya unyayo, mkanda unabana kifua, mwili unasukumwa mbele. Usingizini ubongo unaamuru mguu ukanyage, na hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachorudi kujibu. Imani yangu, na hii ni imani ya dereva si ya daktari, ni kwamba ndiyo sababu breki za ndotoni huwa kama kukanyaga pamba, na ndiyo sababu anayekimbizwa ndotoni miguu humwia mizito.

Tena, wakati huo sehemu ya ubongo inayoshughulika na hofu huwa imechangamka mno, huku ile ya mbele, inayopima mambo na kuuliza hili linawezekanaje, imepoa. Ungekuwa macho, ukajikuta kiti cha nyuma cha gari lisilo na dereva, jambo la kwanza ungesema haiwezekani. Usiku husemi hivyo. Unaogopa tu, moja kwa moja.

Na kwa nini gari, si mto wala nyoka? Kwa sababu leseni yako ina miezi minne. Mwaka 2000 Robert Stickgold na wenzake waliwachezesha watu Tetris, ule mchezo wa vipande vinavyoshuka kwenye skrini, wakawauliza wanaona nini wanapoanza kusinzia. Wengi waliona vipande vikishuka. Kilichonigusa ni kwamba waliviona hata wagonjwa waliopoteza kumbukumbu, ambao hawakukumbuka kabisa kwamba wamewahi kuucheza mchezo huo. Kichwa kilikuwa kinaendelea na somo bila mwenyewe kujua. Nawe mchana unajifunza kona, vioo, umbali wa gari lililo mbele, na usiku kichwa chako kinarudi darasani. Mimi nilipoanza kazi, nikifumba macho tu barabara ilikuwa inanijia mbio.

Kuhusu maana, sitajifanya mfasiri wa ndoto. Wako wanaosema gari ni maisha yako na usukani ni uamuzi wako, kana kwamba kuna kamusi moja ya watu wote. Siikubali kamusi hiyo. Hofu ya aliyepata ajali jana na hofu ya aliyenunua gari jana haziwezi kuwa na tafsiri moja. Bali mimi nakufahamu, nawe katika barua hiyohiyo umelalamika kwamba umepewa kuongoza kitengo kizima ilhali kila uamuzi bado anaukata aliyekutangulia. Sasa jiulize mwenyewe: hisia ile ya kiti cha nyuma, mchana huwa unaipata wapi? Nadhani jibu unalo. Lizungumzwe huko kazini, kwa heshima, lakini lizungumzwe.

Halafu kuna dawa. Unasema tangu miezi miwili iliyopita unameza propranolol kuzuia kipandauso. Dawa hiyo inajulikana kuwaletea baadhi ya watu ndoto kali na majinamizi. Si kila mtu, na sisemi ndiyo iliyokusababishia, ila tarehe zinakaribiana vya kutosha kumweleza daktari wako wiki hii. Usiiache mwenyewe ghafla, nakuomba sana, maana kuikatiza kwa mkupuo kuna hatari yake kwa moyo. Mwambie daktari, yeye ndiye aamue. Na siku yoyote utakapoambiwa kwamba ukiwa usingizini unapiga mateke au unarusha ngumi kwa kufuata ndoto, si kushtuka na kuamka tu, mweleze hilo pia, kwa sababu hapo lile fungo la mwili nililokutajia linakuwa halifungi vizuri.

Sasa nikusimulie nisichowahi kukusimulia. Siku ile breki ziliponikatikia nilikuwa na mzigo kamili, kwenye mteremko mrefu. Niliteremsha gia, injini ikalia, nikaelekeza lori kwenye rundo kubwa la mchanga kando ya barabara, likazama na kusimama. Sikuumia, wala hakuumia mtu. Lakini kwa miezi mingi baadaye niliuota mteremko ule, na ndotoni mchanga haukuwepo. Lori lilikuwa linapita tu, chini, chini, hadi nishtuke. Nikaanza kuogopa kulala.

Mama yako ndiye aliyenitoa huko. Usiku mmoja nilipokaa kitandani nikihema, hakuniambia nisali nilale wala nisifikirie. Aliniuliza: "Kwani siku ile lori lilisimama wapi?" Nikamjibu, kwenye mchanga. Akasema: "Basi mbona kila usiku unalipitisha?" Kuanzia hapo, kila jioni kabla ya kulala, alinitaka nimsimulie upya safari ile kuanzia juu ya mteremko: gia, mlio wa injini, matairi yanavyoingia, vumbi, ule ukimya baada ya kuzima. Nikiruka kitu ananirudisha. Mwanzoni sauti ilikuwa inanitetemeka. Baada ya wiki kadhaa ndoto ikaanza kupungua, na mara ya mwisho niliyoiota, mchanga ulikuwepo.

Miaka mingi baadaye ndipo nikasoma kwamba madaktari wa usingizi wana tiba inayofanana na hiyo. Mwaka 2001 Barry Krakow na wenzake walichapisha matokeo ya kuwatibu kwa njia hiyo wanawake walioteswa na majinamizi baada ya kudhulumiwa vibaya, na majinamizi yao yalipungua. Mtu huichukua ndoto yake akiwa macho, huibadilisha apendavyo, kisha huipitia ile mpya akilini kwa dakika chache kila siku. Ile ya zamani haitajwi tena. Mama yako hakusoma mahali popote. Alisikiliza tu.

Nilisema nitalirudia lile la asubuhi. Mwaka 1997 Drew Dawson na Kathryn Reid walionyesha kwamba mtu aliyekaa macho saa 17 mfululizo hufanya makosa kama mwenye pombe ya asilimia 0.05 katika damu, na katika nchi nyingi kiwango hicho kinatosha kumtoa mtu nyuma ya usukani. Wewe ukiamka saa tisa, ukarudi nyumbani saa mbili usiku, umezifikisha saa hizo 17 ukiwa bado barabarani, na hapo sijahesabu deni la usingizi wa wiki sita. Kusinzia hakubishi hodi. Kope zinashuka kwa sekunde nne, nawe unaweza kuapa hukulala. Gari lililo katika mwendo wa kilomita 100 kwa saa, katika sekunde nne hizo linakuwa limekula zaidi ya mita 100 bila dereva. Hiyo ndiyo ile ndoto yako ya kiti cha nyuma, mwanangu, na hii huamki kutoka kwayo.

Niliwazika madereva wenzangu kwa usingizi, si kwa breki. Kwa hiyo nakuambia kama baba: siku uliyolala kwa muda wa saa nne au pungufu, usiendeshe. Panda gari la wengine, au omba kuchelewa. Usingizi ukikukuta ukiwa safarini, kufungua dirisha na kupandisha redio hakusaidii. Egesha mahali salama, kunywa kahawa, lala dakika 15 au 20. Mwendo mrefu wa mwisho wa mwezi huu uahirishe, au nije tuende wote, nikuendeshe mimi.

Usiku wa leo, kabla hujalala, usianze na mteremko wala breki. Anza na kiti. Fungua mlango wa mbele, keti, sogeza kiti miguu ifike, rekebisha vioo, funga mkanda, shika usukani kwa mikono miwili uhisi ulivyo baridi. Ukishafika hapo, washa gari uende, kisha uniandikie barabara ilikupeleka wapi.

Baba yako