Muulize Mama Karakana: Maganda ya alizeti, mkaa mbadala na mkopo wa halmashauri

SWALI: Shikamoo Mama Karakana. Sisi ni vijana saba wa Kibaigwa, wasichana watatu na wavulana wanne. Tunachomelea majiko ya kuni ya shule. Mwaka huu shule mbili zimetuambia hazichukui tena jiko la kuni. Tunasikia serikali inasaidia viwanda vidogo na nishati safi, kwa hiyo tunataka kugeukia mkaa mbadala wa maganda ya alizeti. Mkopo tuanzie wapi?
Msomaji, Kibaigwa, wilayani Kongwa

JIBU: Marahaba wanangu, mbukwenyi. Shule hizo hazikuwaonea. Serikali iliagiza taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kwa siku ziache kuni na mkaa wa miti, na mwaka 2024 ukazinduliwa Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia, unaolenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi ifikapo 2034. Mwalimu mkuu akinunua jiko la kuni leo, kesho ana maswali ya kujibu. Kugeuka mnageuka vizuri. Ila suala la mkopo nitalijibu mwishoni, kwa sababu fedha ikishaingia kwenye akaunti ya kikundi, siku za marejesho zinahesabiwa, mkaa uwe unawaka au hauwaki.

Kwanza maganda yenyewe. Mmeshayaona kwa macho? Mashine nyingi ndogo za huku kwetu hukamua alizeti na ganda lake. Ganda lote huishia kwenye mashudu, na mashudu yana mnunuzi wake, mfugaji. Tafuteni mkamuaji anayemenya kwanza ndipo akamue. Huyo ndiye mwenye rundo la maganda nyuma ya kiwanda. Mwulizeni anayauza au anayachoma, na kwa mwezi anapata magunia mangapi. Msipompata, magunzi ya mahindi yapo, lakini msidanganywe na ukubwa wa soko la Kibaigwa: pale mahindi hufika yakiwa yamepukuchuliwa. Gunzi limebaki shambani, na kulifuata ni nauli.

Mkipata malighafi, fanyeni jaribio dogo. Pipa moja la lita 200, maganda yaungue kwa hewa kidogo mpaka yawe meusi bila kuwa majivu. Sageni, changanyeni na uji wa muhogo, shindilieni kwenye kibao, anikeni juani. Jua la Dodoma ni mtaji ambao hamlipii, hasa kuanzia Juni mpaka Oktoba. Angalieni uji: ukizidi, mkaa unatoa moshi, ukipungua, unavunjikavunjika kwenye gunia. Halafu chemsheni lita tano za maji kwa kilo moja ya mkaa wenu, na lita tano nyingine kwa kilo moja ya mkaa wa miti. Andikeni dakika. Karatasi hiyo itawasaidia kila ofisi mtakayoingia.

Na jiko lake? Hapa niwaambie nilichojifunza kwa uchungu. Nilipokuwa na karakana yangu Chang'ombe, hapa Dodoma mjini, tuliwahi kuchomelea majiko kumi na mawili kwa shule moja ya bweni. Bati zito, bomba la moshi, rangi mbili. Hakuna aliyekwenda jikoni kupima. Siku ya kukabidhi, sufuria la ugali likagoma kuingia. Lilikuwa pana kuliko mdomo wa jiko kwa viganja viwili. Mpishi, mama wa makamo, alilizunguka jiko letu kimya, akainama, akaanza kupanga upya mafiga yake matatu. Aliniambia, "Ungekuja na futi kamba wiki iliyopita, ningekupimia mwenyewe." Tulikata midomo yote kumi na miwili kwa grainda na kuichomelea upya, na faida yote ikaishia kwenye diski na rodi. Kwa hiyo kabla ya kununua bati, nendeni kwenye zile shule mbili zilizowakataa. Pimeni masufuria, kaeni na mpishi asubuhi moja ya uji, mwulizeni anatumia kuni kiasi gani kwa wiki. Mkitoka hapo na barua ya mkuu wa shule kwamba yuko tayari kujaribu mkaa wenu, mna soko.

Sasa ofisi. SIDO, shirika la kuhudumia viwanda vidogo, lipo tangu 1973 na lina ofisi kila mkoa. Nendeni ya Dodoma mjini na sampuli ya mkaa mkononi. Huko mtapata mafunzo, ushauri wa mashine ya kushindilia, na barua ya utambulisho ya kwenda TBS, shirika la viwango. Mjasiriamali mdogo aliyetambulishwa na SIDO huhudumiwa na TBS bila malipo kwa kuanzia. Alama ya ubora msiidharau, maana Sheria ya Ununuzi wa Umma imetenga asilimia 30 ya ununuzi wa taasisi za umma kwa makundi maalumu, vijana wakiwemo, na zabuni zinapita kwenye NeST, mfumo wa mtandaoni wa ununuzi wa umma. Kikundi ambacho hakijasajiliwa hakionekani humo.

Mkopo ndio huu: halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani, 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Hauna riba. Kwa kuwa mmechanganyika wasichana na wavulana, ombeni kama vijana. Mwoneni afisa maendeleo ya jamii wa kata, mkiwa na katiba ya kikundi, akaunti ya benki na andiko la mradi. Ndani ya andiko wekeni bei ya maganda, zile dakika za maji kuchemka, na barua ya shule. Nimesoma maandiko mengi ya vijana yaliyojaa maneno "uchumi wa viwanda" na hayana bei ya gunia moja la malighafi. Nawaombeni lenu lisiwe hivyo. Na ombeni kiasi cha mashine moja tu.

SWALI: Mama, nina mashine ya kukamua alizeti inayotumia dizeli, Manyoni. Umeme wa REA umefika kwetu lakini ni wa njia moja. Ninunue sola?
Mzee wa alizeti

JIBU: Shikamoo mzee wangu. Kwa mashine hiyo, hapana. Mota ya umeme ya kuchukua nafasi ya dizeli yako, tuseme ya nguvu farasi 15, inakula karibu kilowati 11, na inapowaka huvuta mara kadhaa zaidi kwa sekunde chache. Paneli, betri na inveta za kubeba mzigo huo zitameza mtaji wako wote. Sola iweke kwenye taa na mizani. Unachohitaji ni njia tatu, yaani umeme wa kuendesha mota kubwa, na TANESCO hupima mahitaji kabla ya kuvuta. Usiende peke yako: mchukue mwenye mashine ya kusaga, seremala na mchomeleaji wa jirani, andikeni barua moja, kila mmoja ataje nguvu ya mota yake. Kabla ya hapo, tembea kwenye barabara ya kijijini kwako ukitazama juu, kuanzia kwenye transfoma. Nguzo zenye waya mbili ni njia moja. Ukikuta waya nne zinapita, hesabu nguzo kutoka hapo mpaka mlangoni kwako, na idadi hiyo uiandike kwenye barua.