Mwanangu, cheo hicho hakikutoi kwenye sayansi

Mwanangu mpendwa,

Barua yako niliisoma jana usiku, nikairudia leo alfajiri. Unasema umepewa nafasi ya mwanasayansi mwandamizi katika kundi la modeli za tabianchi, zile programu za kompyuta zinazoiga angahewa ya dunia, na badala ya kufurahi umekosa usingizi. Umeniuliza: "Mama, nikikubali, si ndiyo mwisho wangu wa kufanya sayansi? Wakubwa wetu wako vikaoni, au wanasoma kazi za wengine. Wewe miaka yote ile ulikuwa unafanya nini hasa?"

Nilikuwa natafuta mahali ambapo tumepata jibu sahihi kwa sababu isiyo sahihi. Karibu kila kitu kingine kilikuwa njia ya kufikia hapo.

Kuna jambo sijawahi kukusimulia, kwa kuwa lilinitia aibu. Unajua modeli zetu huigawa angahewa katika visanduku vyenye upana wa kilomita 100 hivi. Wingu moja ni dogo kuliko kisanduku, kwa hiyo modeli hailioni. Tunaliwakilisha kwa kanuni ya makadirio, na ndani ya kanuni hiyo zimo namba ambazo mtu alikaa akazichagua. Katika modeli yetu mtu huyo nilikuwa mimi. Joto la wastani la dunia lilitoka vizuri, mwanga wa jua unaorudishwa angani nao ukatoka vizuri, nami nikatembea kifua mbele. Kisha akaja kijana mmoja aliyekuwa bado anasomea uzamivu, mkononi ana picha za setelaiti. Akanionyesha kwamba mawingu yangu ya chini, yale ya juu ya bahari, yalikuwa machache mno, na yaliyokuwepo yaling'aa kupita kiasi. Uchache wao uliruhusu jua jingi kupita, mng'ao wao ukalirudisha jua hilohilo. Kosa lilifunika kosa. Kwa hali ya leo hesabu ilikaa sawa, lakini kwa dunia yenye joto zaidi, ambako mawingu hayo yatabadilika, hakuna aliyejua ingetupeleka wapi.

Nilimwacha kijana yule wiki tatu bila jibu. Nilisema nimebanwa na kazi, kumbe nilikuwa nimeumia. Wiki ya nne nikamwita, tukapitia programu mstari kwa mstari, na makala ilipotoka jina lake lilitangulia. Baadaye nilijiuliza kama ningefanya hivyo nikiwa na miaka thelathini, mkataba wa mwaka mmoja mkononi. Nadhani nisingethubutu. Kijana akikiri kosa anaweza kukosa ajira. Mimi nilikuwa na kazi ya kudumu na jina. Ikiwa mwenye kinga hakiri, atakiri nani? Kwangu mimi hiyo ndiyo maana ya cheo unachokiogopa.

Katika hili Lewis Fry Richardson, yule mtaalamu wa hali ya hewa wa Uingereza, hanitoki akilini. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza alikuwa Ufaransa na kikosi cha kubeba majeruhi, na alipopata nafasi ya kupumzika alikaa juu ya rundo la majani makavu akikokotoa kwa mkono utabiri wa saa 6 wa siku iliyokwisha kupita, 20 Mei 1910. Jibu lake lilisema mgandamizo wa hewa ungepanda kwa milibari 145. Siku yenyewe haukubadilika, au ulibadilika kidogo mno. Mwaka 1922 aliuchapisha utabiri huo kitabuni pamoja na kila hatua ya hesabu, bila kuficha ulivyoshindwa. Kwa kuwa hakuficha, waliomfuata waliweza kuonyesha tatizo lilipoanzia: vipimo vya upepo na vya mgandamizo alivyoanzia havikuwa vimesawazishwa. Mbinu yake ndiyo msingi wa utabiri tunaoutoa kwa kompyuta hadi leo. Kila ninapomkumbuka moyo wangu huchangamka.

Sasa vikao. Vingine ni upotevu wa muda, sitakudanganya. Lakini usivipime vyote kwa kipimo kimoja. Ripoti ya Jopo la Kimataifa la Mabadiliko ya Tabianchi ya mwaka 2021, ile ya misingi ya kisayansi, ilikuwa na waandishi 234 na ilipokea hoja zaidi ya 78,000 za wapitiaji. Kila hoja hujibiwa kwa maandishi. Mle ndani, kusema jambo "lina uwezekano mkubwa sana" maana yake ni uwezekano wa asilimia 90 au zaidi, na watu hukesha wakibishana kama ushahidi unafika hapo au unaishia kwenye daraja la chini yake. Kukataa neno zuri kwa sababu data hazilibebi ni sayansi, mwanangu, sawa na kuandika programu.

Jambo la mwisho ni vipimo, na naomba ulishike hata ukiyasahau mengine. Mwanasayansi Mmarekani Charles David Keeling alianza kupima kaboni dayoksaidi ya hewani pale mlima Mauna Loa, Hawaii, mwaka 1958. Ilikuwa kiasi cha sehemu 315 katika milioni. Sasa imepita 420. Mwaka 1964 vipimo vilikatika kwa miezi kadhaa kwa kukosa fedha, na pengo hilo halizibiki, kwa maana hewa ya miezi ile haipo tena. Alisimamia vipimo hivyo mpaka alipofariki mwaka 2005, na mwanawe Ralph ndiye anayeviendeleza. Siku hizi vijana wananiambia akili mnemba itatabiri yote. Inatabiri vizuri kweli, nami nimefurahi. Lakini imefunzwa kwa rekodi za miongo kadhaa, na kila mwaka wa rekodi hizo kuna mtu aliyebaki kuzipigania wakati wenye fedha walitaka kitu kipya. Utakapoketi kwenye meza ya bajeti, mtu huyo awe wewe.

Kubali nafasi hiyo. Omba asubuhi mbili kwa wiki zisizoguswa na kikao, uandikishiwe kabla ya kutia saini, maana baada ya hapo hutazipata. Mwezi wa kwanza kaa na mdogo kuliko wote kundini, umwulize ni namba gani kwenye modeli asiyoiamini.

Daftari zangu za mawingu ziko nne. Kila namba niliyoibadili nimeandika tarehe na sababu, na penye "nimekisia" nimeandika hivyo hivyo. Nitakuja nazo mwisho wa mwezi. Anza na la pili, ndimo lilimo kosa nililokusimulia.

Mama yako